Manjano ya Rasi

Jiwe lililofungua biashara ya almasi Afrika Kusini lilikuwa la manjano, na watoto walikuwa wakilichezea. Erasmus Jacobs, kijana wa miaka 15, aliliokota karibu na Hopetown, kando ya Mto Orange. Jirani, Schalk van Niekerk, alitaka kulinunua. Inasimuliwa kuwa mama wa kijana alikataa fedha, jiwe la kuokotwa haliuzwi, akampa bure. Likapita mikono kadhaa, likatumwa Grahamstown kwa posta ndani ya bahasha ya kawaida, na huko, mwaka 1867, Daktari William Atherstone akathibitisha kuwa ni almasi ya karati 21.25. Ikaitwa Eureka. Ilipokatwa zikabaki karati 10.73.

Watu wakamiminika. Kuanzia 1871 walikifukua kilima cha Colesberg kwa sululu na beleshi mpaka kikageuka Shimo Kubwa la Kimberley. Wachimbaji weusi walikuwa na leseni zao, lakini wazungu wakapigania wanyang'anywe, na tangu 1885 vibarua wakafungiwa kambini ili wasiibe mawe. Linaniuma kwamba majina yao hayamo katika vyeti vya mawe waliyoyatoa.

Mengi ya mawe hayo yalikuwa na umanjano hafifu. Wafanyabiashara wa Ulaya, waliozoea almasi za India na Brazili, wakayaita Cape, yaani ya Rasi. Jina la Koloni la Rasi likawa jina la dosari, na mpaka leo jiwe likiitwa hivyo bei yake imeshuka.

Lakini si kila manjano ilidharauliwa. Mwaka 1877 Kimberley ilitoa jiwe la karati 287.42, manjano iliyokolea, na Charles Tiffany wa New York akalinunua kwa dola 18,000. Alimkabidhi George Frederick Kunz, kijana wa miaka 23, asimamie ukataji wake Paris. Kunz hakutafuta ukubwa. Alikubali zaidi ya nusu ya jiwe ipotee, likabaki karati 128.54 lenye nyuso 82, ili mwanga uwake ndani yake. Kwangu mimi, huo ndio uamuzi bora katika historia yote hii.

Manjano ya Rasi na manjano ya Tiffany zote zinatokana na naitrojeni. Vipimo vya maabara hupanga weupe kwa herufi, kutoka D hadi Z, na kila herufi inayoshuka inapunguza bei. Ukiivuka Z, mambo hugeuka: jiwe linahesabiwa kuwa la rangi, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo bei inavyopanda. Mwaka 1977 Henry Grossbard alibuni mkato wa radianti, na wakataji wakagundua kwamba mkato huo hukoleza manjano. Mawe ya Rasi yaliyokuwa ukingoni mwa Z yakakatwa upya, yakavuka.

Kwa hiyo mnunuzi alitazame jiwe kwa juu, kwenye mwanga wa mchana, kabla halijatiwa katika pete, kwa sababu dhahabu huliazima rangi yake. Na adai cheti kinachosema wazi kama jiwe limetoka ardhini au maabara, na kama rangi yake ni ya asili au ya kutiwa.

Eureka yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya almasi ya De Beers, ikarudishwa kwa watu wa Afrika Kusini mwaka 1967. Ipo makumbusho ya Kimberley, ukingoni mwa Shimo.