Mpokezi, si mruko ufuatao

Orodha ya istilahi za mitandao iliyonifikia mwezi uliopita inaiita anwani ambayo ruta huitafuta katika jedwali lake kabla ya kuitoa pakiti "anwani ya mruko ufuatao". Pendekezo langu, mpokezi, lilikuwa mezani kwa kamati iliyoitunga miaka 4 kabla ya orodha kuchapishwa. Sikupewa hata barua ya kukataliwa. Basi nalitetea hapa.

Nianze na kuruka. Tukisema mtoto ameruka mstari, mstari huo haukusomwa. Aliyeruka darasa hakulikalia. Aliyekuruka kimanga amekukana mbele za watu. Palipo na kuruka, pana kilichoachwa au kilichokataliwa. Pakiti haiachi ruta hata moja iliyo njiani mwake: inaingia, inasomwa, inatolewa. Neno lililochaguliwa linasema kinyume cha kazi yenyewe. Tena anwani ni ya mashine yenye mlango wake. Mruko ni tendo, na tendo halina makazi.

Sasa kupokea. Mgeni akifika na mzigo kichwani, mwenyeji humwambia kijana wake, "Mpokee mzigo." Kutokana na pokea tukapata pokeza, na katika hiyo z ndimo ilimo hoja yangu yote. Anayepokea tu, mambo yameishia mikononi mwake. Ndiyo maana mwenye barua ni mpokeaji. Kupokeza ni kukabidhi. Kupokezana ni kukabidhiana kwa zamu, kama wakimbiaji na kijiti chao, au kama watu wa pwani wanavyopokezana jeneza njiani kwenda makaburini: bega linaingia, bega linatoka, wala hakuna anayedai kwamba amelifikisha peke yake. Hata mapokeo ya wazee yametoka shina hilihili, nayo ni yale waliyopewa na wakayakabidhi. Mpokezi basi ni anayepokea ili apokeze. Lugha ilikuwa nalo neno hili kabla ya waya wa kwanza kutandazwa, na kamati ikaenda kutafuta mruko.

Ukiwa na maneno mawili, mpokeaji na mpokezi, unaona jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosa. Anwani ya mpokeaji imeandikwa kwenye pakiti na kwa kawaida haibadiliki safari nzima. Anwani ya mpokezi haiandikwi popote kwenye pakiti. Imo katika jedwali la ruta tu; ruta huitumia kuuliza kwenye Etheneti, kwa itifaki ya ARP ya mwaka 1982, ni kadi ipi yenye anwani hiyo, kisha huifunga pakiti katika fremu iliyoelekezwa kwa kadi hiyo.

Mwenzangu mmoja, mhadhiri, anapigania "jirani". Alinipinga hadharani katika warsha na sikupewa nafasi ya kumjibu. Jibu langu ni BGP, itifaki ambayo kwayo ruta hutangaziana njia. Kwa mujibu wa RFC 4271 ya mwaka 2006, kila tangazo la njia za IPv4 lazima litaje anwani ya mpokezi. Ingekuwa anwani hii ni ya jirani tu, kulikuwa na haja gani ya kuitaja? Katika vituo vya kubadilishana trafiki, kama KIXP ya Nairobi, seva ya njia hukusanya matangazo ya wanachama na kuyagawa. Jirani yako katika BGP ni seva hiyo, lakini yenyewe haiguswi na pakiti hata moja ya trafiki hiyo. Inaiacha anwani kama ilivyoikuta, ili pakiti ziende moja kwa moja kwa mwanachama mwenye njia. Aliyeleta habari ni mmoja, wa kupokea mzigo ni mwingine. Hata ndani ya mtandao mmoja, ruta ya mpakani inapowatangazia wenzake njia ya nje, kwa kawaida haiibadilishi anwani hiyo, nao hulazimika kutafuta kwanza namna ya kumfikia mpokezi huyo wa mbali. Hapo jirani ni neno la uongo.

Wapo wanaosema mpokezi ni mtu wa hoteli, anayekaa mapokezi. Ndiyo, naye hampeleki mgeni mpaka kitandani; humkabidhi kwa mwenye funguo. Wengine wanataka kipokezi kwa kuwa ruta ni kitu. Kipokezi hunasa mawimbi na kazi yake ikaishia hapo. Ruta huamua, na anayeamua nampa ngeli ya watu bila wasiwasi.

Katika matumizi: "anwani ya mpokezi", "njia ya 10.0.0.0/8, mpokezi 192.0.2.1"; na ruta ya mpakani inapoandika anwani yake badala ya ile iliyotoka nje, "imejiweka mpokezi". "Anayefuata" halihitajiki, kwa kuwa hakuna mpokezi asiyefuata. Njia 2 zenye gharama sawa zina wapokezi 2.

Orodha hiyo itachapishwa upya. Nimewapelekea neno langu kwa mara ya pili, pamoja na wingi wake.