Kesi ya Dodoma iliyozaa haki mbili

Mkazi wa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, mkoani Dodoma, anayeutaka ubunge hana budi kupita kwenye chama. Jina likikatwa vikaoni, safari imeishia hapo, hata kama vijiji vyote vinamtaka. Kwa njia hiyo George Simbachawene aliingia bungeni mwaka 2005 kuiwakilisha Kibakwe kwa tiketi ya CCM, na mwaka 2022 akawa Waziri wa Katiba na Sheria. Sharti hilo la chama liliwahi kuvunjwa mkoani humohumo, katika Mahakama Kuu Dodoma.

Haki za msingi ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini serikali ilijipa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake. Mahakama zikaanza kuzisimamia haki hizo mwaka 1988. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Katiba ilimtaka kila mgombea awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila, ambaye chama chake cha Democratic Party kilikuwa hakijapata usajili, akafungua Kesi ya Madai namba 5 ya mwaka 1993.

Hukumu ya Jaji Kahwa Lugakingira ilitoka tarehe 24 Oktoba 1994. Alisema kuomba kibali cha polisi ili kufanya mkutano wa hadhara kunaua uhuru wa kukusanyika, taarifa inatosha. Akasema pia kwamba raia anaweza kugombea bila chama, kwa kuwa Katiba yenyewe inakataza kumlazimisha mtu kujiunga na chama.

Haki ya kwanza ilibaki kwenye sheria, ingawa mikutano ya kisiasa ilizuiwa kwa amri kuanzia mwaka 2016 hadi Januari 2023. Ya pili haikufika hata uchaguzi wa 1995. Desemba 1994 Bunge lilipitisha Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba, na haki ya kugombea ikafungwa upya kwenye chama. Jaji alikuwa ametafsiri maneno; Bunge likayabadilisha maneno yenyewe.

Mtikila hakukata tamaa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilimpa tena ushindi. Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, waliutengua, wakisema suala hilo ni la kisiasa na ni la Bunge. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, ikatamka kwamba Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015 bila kuona hukumu hiyo ikitekelezwa. Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililowaruhusu raia kwenda Arusha moja kwa moja.

Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilimruhusu mgombea huru, lakini kura ya maoni kuhusu Katiba mpya iliyopangwa Aprili 2015 haikupigwa. Mahakama zimekwisha kusema zilichoweza. Kilichobaki kinahitaji kura za wabunge, na kila mbunge wa kuchaguliwa amefika bungeni kwa tiketi ya chama.