Somo la muziki sekondari: Nafasi ipo, mwalimu je?

MUZIKI ni miongoni mwa masomo ya kuchagua yanayotahiniwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) katika mtihani wa kidato cha nne. Somo hilo lina muhtasari wake, karatasi zake na alama zake, kama yalivyo masomo ya historia na biolojia. Hata hivyo, kwa mzazi wa Kibamba, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, kuwapo kwa somo hilo katika orodha ya Baraza si dhamana kwamba mwanawe atalikuta darasani.

Wapo wanaodhani kuwa kusoma muziki ni kuimba kwaya siku ya mahafali, au kushiriki ngoma katika mashindano ya UMISSETA. Hizo ni shughuli za nje ya darasa. Katika somo lenyewe, mwanafunzi hujifunza kusoma na kuandika nota katika mistari mitano, kutambua mapigo, kupanga sauti za waimbaji, kuzitofautisha ala na asili zake, pamoja na historia ya muziki wa Afrika na wa mataifa mengine. Mtihani nao una sehemu mbili: nadharia na vitendo.

Hapo ndipo vijana wengi wenye vipaji hukwama. Aliyekulia katika kwaya ya kanisa aweza kuwa hodari wa solfa, yaani nota zinazoandikwa kwa herufi za do, re, mi. Aliyelelewa katika kaswida aweza kuwa na sikio lisilopotea. Lakini wote wawili, wasipowahi kufundishwa mistari mitano, hulazimika kuanza mwanzo. Anayeanza akiwa kidato cha tatu hubakiwa na miaka miwili tu kabla ya mtihani, ilhali mwenzake aliyeanza kidato cha kwanza amekuwa na minne.

Kibamba, kata iliyo kando ya Barabara ya Morogoro, ilikuwa sehemu ya Kinondoni kabla ya Manispaa ya Ubungo kuanzishwa mwaka 2016. Kama ilivyo katika maeneo mengine ya pembezoni mwa jiji, watoto wengi wanaomaliza darasa la saba hupangiwa shule za kutwa zilizo karibu na makazi yao. Shule nyingi za kata nchini zilijengwa kufuatia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), ulioanza mwaka 2004. Kipaumbele kilikuwa madarasa, kisha maabara za sayansi. Chumba cha muziki hakikuwamo katika hesabu hiyo.

Aidha, tangu Januari 2016 elimu ya sekondari hadi kidato cha nne katika shule za umma hutolewa bila ada, lakini nafuu hiyo haimnunulii mwanafunzi kinanda wala gitaa.

Upungufu wa ala, hata hivyo, una tiba. Ngoma, marimba, filimbi na zeze hutengenezwa hapa nchini. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki dunia mwaka 2003, alijipatia sifa duniani kwa zeze na ilimba, na alikuwa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Kisichotengenezwa na fundi seremala ni mwalimu. Shule isiyo na mwalimu haifundishi somo. Pasipofundishwa somo hapatoki watahiniwa. Na pasipo watahiniwa hapatoki walimu wa kesho. Chuo cha Ualimu Butimba, mkoani Mwanza, kimejulikana kwa kuandaa walimu wa masomo ya sanaa, ukiwamo muziki.

Mabadiliko ya mitaala yamefungua mlango mwingine. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023, ambao ulianza kutekelezwa Januari 2024, una mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali, na sanaa bunifu ni miongoni mwa fani za amali. Mwaka huo wa 2024 Serikali pia ilitangaza tahasusi mpya za kidato cha tano, likiwamo kundi la sanaa.

Anayemaliza kidato cha nne na kutaka kuendelea ana pa kwenda. Chuo cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) mwaka 2007, hutoa mafunzo ya cheti na stashahada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Arusha, hufundisha muziki hadi shahada. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa mwaka 2002, ambako taarab na ala zake hufundishwa.

Kwa hiyo mzazi ana wajibu wa kuuliza mapema, kabla mtoto hajachagua masomo. Je, shule inafundisha muziki kama somo la mtihani, au ina kwaya tu? Mwalimu wake alisomea muziki? Kuna ala gani, na mwanafunzi huzifikia mara ngapi kwa wiki? Ni watahiniwa wangapi waliofanya somo hilo katika miaka ya karibuni?

Majibu yakiwa hafifu, kipaji cha mtoto hakijafa, ila itabidi kitafutiwe shule nyingine kabla ya kidato cha tatu. Baada ya hapo, kijana anayeimba vizuri kuliko wenzake wote mtaani anaweza kumaliza shule bila cheti chochote kinachosema hivyo.