Njaa ya mafuta iliyofika Kongwa

Katika maduka mengi ya mtaani majarini huuzwa ya kupima. Mwenye duka huchota kwa kisu kutoka kwenye kopo kubwa, na mteja huondoka na kiasi kinachotosha chai ya asubuhi. Siagi ya maziwa imebaki kwenye friji za supamaketi, na bei yake wanaijua wachache. Mgawanyo huo una zaidi ya miaka 150.

Ulianzia Ufaransa, enzi za Napoleon III. Viwanda vilikuwa vimejaza watu mijini, siagi ikawa ghali, na jeshi la majini lilitaka mafuta yasiyoharibika upesi. Mfalme akaahidi zawadi kwa atakayebuni mbadala wa bei nafuu. Mkemia Hippolyte Mège-Mouriès akafanya majaribio katika shamba la kifalme huko Vincennes. Inasimuliwa kwamba aliona ng'ombe walionyimwa chakula wakiendelea kutoa maziwa yenye mafuta, akaamua kuwa mafuta hayo yanatoka mwilini mwa mnyama mwenyewe. Basi akayeyusha mafuta ya ng'ombe kwa moto mdogo, akakamua sehemu iliyo laini, akaivuruga pamoja na maziwa. Hataza aliipata mwaka 1869.

Mwaka uliofuata vita na Prussia vikamng'oa mfalme. Mwaka 1871 ujuzi huo ulinunuliwa na ukoo wa Jurgens, wafanyabiashara wa siagi wa mji wa Oss, Uholanzi. Washindani wao wa mji huohuo, kina Van den Bergh, hawakukaa nyuma. Mvumbuzi alifariki 1880 bila utajiri wa maana. Koo hizo mbili, baada ya kuchoka kupigana, ziliungana mwaka 1927, na miaka miwili baadaye zikakubaliana na Lever Brothers wa Uingereza, watengenezaji wa sabuni. Ndipo ikazaliwa Unilever.

Wafugaji hawakufurahi. Marekani iliitoza majarini kodi kuanzia 1886, na baadhi ya majimbo yaliamuru itiwe rangi ya waridi ili mlaji aichukie kabla hajaionja. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliifuta amri hiyo mwaka 1898. Huko Wisconsin, jimbo la maziwa, majarini ya njano ilipigwa marufuku hadi 1967. Watu walikuwa wakivuka mpaka kuinunua. Mtu hasumbuki hivyo kwa kitu kisicho na ladha.

Kwa upande wa malighafi, mambo yalibadilishwa na Mjerumani Wilhelm Normann, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alipata njia ya kugandisha mafuta ya maji kwa kuyapitishia hidrojeni. Kuanzia hapo mafuta ya nyangumi, mawese na karanga yote yaliweza kupakwa kwenye mkate wa Mwingereza. Na hapo ndipo hadithi inapofika kwetu.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, Uingereza ilikuwa bado inagawa siagi na majarini kwa kadi. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, aliishauri serikali ilime karanga Tanganyika kwa mashine. Ujumbe ukaongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Ulirudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa takriban pauni milioni 25. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947.

Wagogo, wenyeji wa Kongwa, waliijua nchi yao kuwa ya mvua haba. Matrekta, mengi yakiwa masalia ya vita, yaliharibika kwenye vichaka na mibuyu. Vifaru navyo viligeuzwa kuwa matrekta. Udongo wenye mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama sakafu ya saruji, na karanga hukomaa chini ya ardhi: kuzipanda ni shida, kuzing'oa ni shida zaidi. Januari 1951 serikali ilitangaza kuachana na mpango huo, na takriban pauni milioni 36 zikahesabiwa kuwa hasara. Kilichosalia ni bandari ya Mtwara na reli ya Nachingwea, zilizojengwa kwa ajili ya mpango huo; reli nayo ilifungwa mwaka 1962. Wakubwa waliopima ekari kwa mamilioni, kwa maoni yangu, wangeokoa fedha nyingi kama wangekaa msimu mmoja tu na wazee wa Ugogo.

Majarini yenyewe haikukosa malighafi. Siku hizi mawese yamechukua nafasi kubwa. Lakini majarini ilikuwa na kasoro. Mwaka 1990 watafiti wa Uholanzi, Mensink na Katan, walionyesha kwamba mafuta yaliyogandishwa nusu kwa njia ya Normann hupandisha lehemu mbaya na kushusha ile nzuri. Denmark iliweka kikomo cha kisheria mwaka 2003, na viwanda vingi vimebadilisha mapishi. Anayenunua asome orodha ya viambato: yakitajwa mafuta yaliyogandishwa nusu kwa hidrojeni, kopo hilo aliache. Ya kupima haina orodha, hivyo aombe aonyeshwe kopo lenyewe. Au anunue karanga sokoni, azikaange, azimenye na kuzisaga na chumvi kidogo hadi zitoe mafuta. Mkate hautadai siagi.