Metronomu haipimi

Programu nyingi za metronomu, ukizifungua kwenye simu kwa mara ya kwanza, hukupokea kwa namna ileile: namba 120 katikati ya kioo, na chini yake nukta nne zimejipanga mstari. Ukibonyeza, inagonga. Pigo la kwanza lina sauti ya juu, matatu yanayofuata ni ya chini, halafu mwanzo tena. Kwa wimbo wa kwaya hiyo inatosha. Anayejifunza flamenko, muziki wa Hispania, itampoteza, na atapotea zaidi ikiwa hata majina ya vitu anavyovisikia hayajamkaa sawa kichwani.

Tuanze na chombo chenyewe. Metronomu ni kifaa kinachogonga kwa vipindi vilivyo sawa ili mwanamuziki ashike mwendo. Dietrich Nikolaus Winkel alikibuni Amsterdam mwaka 1814. Johann Nepomuk Maelzel alikichukua, akakiongezea ngazi ya namba, na mwaka 1815 akakisajili kuwa ni chake. Hadi leo utaona herufi M.M. kwenye karatasi za nota, yaani metronomu ya Maelzel. Winkel hana hata herufi moja. Mwaka 1817 Beethoven alitangaza namba za mwendo wa simfonia zake nane za kwanza, na wapiga muziki wanagombana juu ya namba hizo mpaka sasa. Namba zenyewe si fumbo. Ni mapigo kwa dakika: 60 ni pigo moja kila sekunde, 120 ni mawili.

Jina limejengwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, la kipimo na la kanuni. Mfasiri wa Kiswahili akiliona hilo mkono unamwasha, maana njia anayo tayari: kipimajoto, kipimamvua, kipimapembe. Basi na metronomu iitwe kipimapigo, kazi iishe. Tatizo ni kwamba haipimi kitu. Kipimajoto kinangoja joto la mwili wako ndipo kitoe habari. Kwa mtu wa Kibati, chini ya volkano ya Nyiragongo karibu na Goma huko Kongo, mfano ulio karibu zaidi ni vipima matetemeko ambavyo Kituo cha Volkano cha Goma, OVG kama kila mtu anavyokiita, hutumia kuufuatilia mlima: kazi ya vifaa vile ni kusikiliza. Metronomu haimsikilizi mtu. Ukikimbia, inagonga. Ukichelewa, inagonga. Uzi wa gitaa ukikatika ukashuka mjini kutafuta mwingine, inagonga mpaka betri ife. Anayepima ni mpigaji, kwa sikio lake.

Ndiyo sababu napendelea metronomu, neno la mkopo lililovaa sauti zetu, kuliko kipima-chochote. Wanamuziki wa Goma wanalisema tayari kwa matamshi ya Kifaransa. Kinachoongezeka ni irabu ya mwisho tu. Nguvu za kutunga maneno afadhali tuziweke mahali ambapo mkopo hausaidii, na flamenko inapadai hapo mapema.

Kuna maneno matatu ambayo tunayachanganya kila siku bila madhara, lakini hapa lazima yaachane. Pigo ni kila mgoto mmoja. Mwendo ni kasi, yaani mapigo yanafuatana kwa haraka kiasi gani. Mdundo ni mpangilio: pigo lipi ni zito, lipi jepesi, lipi linaachwa kimya. Kiongozi wa korali anapomgeukia mpiga solo na kumwambia, “Mudogo, unakimbia,” analalamikia mwendo. Mtu anaweza kuwa na mwendo ulionyooka kabisa na mdundo uliopinda, na programu ya nukta nne haitamwonyesha kosa lake, kwa sababu yenyewe inajua mwendo tu.

Kwa flamenko linahitajika neno la nne. Wahispania husema kompasi, na hapa mwenye Kiswahili cha Pwani anaweza kuteleza vibaya, akalifasiri dira. Siyo dira ya mabaharia. Kwa Kihispania, kama kwa Kifaransa, neno hilo ni la kile chombo cha miguu miwili cha kuchorea duara, tunachokiita bikari. Mwanafunzi wa Kibati aliyesoma jometri kwa Kifaransa hawezi kukosea, maana dira ya njia ameijua kwa jina jingine kabisa. Katika muziki, kompasi ni duara la mapigo: linakwenda, linajifunga, linaanza tena, na kila anayeimba, anayecheza na anayepiga makofi anajua yuko wapi ndani yake. Kiswahili kina neno lililokaa tayari kwa kazi hiyo: duru. Duru ya mapigo. Linafaa kuliko “mzunguko”, ambao hautuambii kama kitu kina mahali pa kuanzia, wakati duru ya shindano au ya mazungumzo inaanza na kumalizika, kisha inafuata nyingine.

Duru kubwa ya flamenko ina mapigo 12, na uzito hauko mahali unapoutazamia. Katika solea, mojawapo ya aina za nyimbo za flamenko, mtu huhesabu kuanzia 1, na mapigo mazito ni la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Yaani hatua mbili ndefu za mapigo matatu-matatu, kisha tatu fupi za mawili-mawili. Walimu huchora uso wa saa ukutani na kutia alama kwenye namba hizo. (Msomaji aliyezoea kusoma saa kwa Kiswahili, ambaye mshale ukiwa kwenye 12 husema saa sita, asifasiri hapa, asome namba kama zilivyochapwa.) Buleria hutumia duara hilohilo, ila wengi huhesabu kuanzia 12, na kasi yake mara nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika. Segiriya nayo inaingilia mlango wa 8: nane, kumi, kumi na mbili, tatu, sita. Namba nzito hazijabadilika hata moja. Kimebadilika kituo cha kuanzia, na wimbo umekuwa mwingine, mzito na wa msiba.

Msomaji wa mashairi ya Kiswahili asiogope hesabu hizi. Tunasema mshororo una mizani 16, na tunajua kwamba ya 8 na ya 16 si sawa na nyingine kwa sababu zimebeba vina. Mizani peke yake haijawahi kutosha. Lazima ujue zipi zina mzigo. Mpiga dumbaki wa taarab ya Unguja amekwenda mbali zaidi. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905, kilirithi bashraf, yaani muziki wa ala tupu, na midundo yake kutoka Misri na Uturuki, na katika ulimwengu huo kuna mdundo wa samai wa mapigo 10 ambao hutajwa kwa silabi, dum kwa pigo zito la katikati ya ngozi, tak kwa pigo kali la ukingoni. Dum na tak ndizo metronomu iliyo bora kuliko zote, maana zinakupa uzito pamoja na wakati.

Sasa turudi Kibati. Wengi wanaijua kama mahali pa kuanzia kupanda Nyiragongo, au kama jina lililojaa kwenye habari mwaka 2008, wakimbizi wa vita walipojazana kwenye kambi kando ya barabara ya Rutshuru. Shule ya flamenko haipo. Anayeitaka ataipata kwenye simu, kwa video za wenye vidole vyepesi kuliko vyake, na kwa metronomu inayofanya kazi bila hata kununua megabaiti. Lakini kijana aliyejifunza gitaa katika korali au bendi ya mtaa, anayejua jinsi sehemu za gitaa, yaani akompa, solo, mi-solo na besi, zinavyogawana kazi, haji mikono mitupu. Rumba aliyokulia imejengwa juu ya migoto mitano iliyotawanywa ndani ya duru ya mapigo 16. Ipige mezani kwa kalamu huku ukihesabu sawasawa: moja, nne, saba, kumi na moja, kumi na tatu. Hatua zake ni 3, 3, 4, 2, 4. Halafu piga ya solea kuanzia 12: hatua ni 3, 3, 2, 2, 2. Migoto ni mitano huku na mitano kule, na mwanzo ni uleule, tatu na tatu. Tofauti inaanza baada ya hapo, rumba inaponyoosha mguu na flamenko inapoharakisha kurudi.

Sisemi moja imezaa nyingine. Ila ziliwahi kukutana, na mahali pa kukutana panajulikana: Kuba. Rekodi za muziki wa Kuba, zile za herufi G.V., zilifika Kongo katika miaka ya 1930 na zikasikika kama sauti ya nyumbani iliyorudi, kwa sababu sehemu yake kubwa ilipelekwa huko na watumwa kutoka Kongo yenyewe. Upande wa Hispania, nyimbo za Kuba ziliingia flamenko na kuacha tawi linaloitwa rumba mpaka leo. “Entre dos aguas” ya Paco de Lucía, ya mwaka 1973, ni ya tawi hilo. UNESCO iliiandikisha flamenko mwaka 2010, rumba ya Kuba 2016, na rumba ya Kongo 2021. Mpiga gitaa wa Kibati anayetaka mlango rahisi aanzie kwenye rumba ya flamenko, ambayo inakwenda kwa nne na ambayo hata ile programu ya nukta nne inaimudu. Akikaa nayo wiki chache, aende kwenye solea.

Kwa solea, chagua programu inayokuruhusu kugusa kila nukta na kuipa daraja: zito, jepesi au kimya. Weka nukta 12. Zipe uzito ya 3, ya 6, ya 8, ya 10 na ya 12. Kama programu yako haikubali zaidi ya nukta sita au tisa, tafuta nyingine. Ziko za bure. Anza na 70 kwa dakika na usiguse gitaa. Piga makofi. Wenye flamenko wana makofi ya aina mbili, na tofauti yake unaisikia mara moja ukijaribu: kofi kavu, vidole vya mkono mmoja vikianguka kwenye kiganja cha pili kilichofunguka, na kofi la kufumba, viganja viwili vilivyokunjwa kidogo vikikutana na hewa katikati. Kofi kavu kwenye mapigo mazito, la kufumba kwenye mengine, mguu ukigonga chini. Nyumba nyingi za Kibati ni za mbao juu ya mawe ya lava, na sauti ya simu inapita ukutani bila kubisha hodi, kwa hiyo weka sikio moja kwenye hedifoni na jirani atakusamehe makofi.

Hedifoni iwe ya waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde, mara nyingine mbili. Katika solea ya taratibu hutajali. Katika buleria ya 240, ambapo pigo moja ni robo ya sekunde na duru nzima ni sekunde tatu, taa ya kioo inakuwa imeshaingia karibu pigo linalofuata wakati sikio bado lipo nyuma, na anayefuata jicho atapiga tofauti na anayefuata sikio. Zima na ile hali ya kuokoa betri, la sivyo kioo kikizimika simu inaweza kunyamazisha metronomu katikati ya zoezi, na hiyo si kimya tunayoitafuta.

Kimya tunayoitafuta ni ya makusudi. Buleria yenyewe ni vigumu kuifuata pigo kwa pigo kwa kasi ile. Waliozoea hugonga mguu kwenye kila pigo la pili, 12, 2, 4, 6, 8, 10, na mdundo wa tatu-tatu wakauacha uelee juu. Ukiweza hivyo, gawanya namba ya programu kwa mbili, acha mapigo sita tu yasikike, kisha punguza zaidi mpaka libaki moja, la 12. Programu nyingi nzuri zina kitufe kinachogonga duru moja na kunyamaza inayofuata. Naiita duru bubu, na naona jina linafaa, kwa sababu pigo halijafutwa, limekataa kusema. Wakati huo unapiga peke yako, ukihesabu. Sauti inaporudi kwenye 12, ikikukuta kwenye 11, umechelewa. Ikikukuta umeshafika 1, umekimbia. Shusha namba kwa kumi urudie.