Karo ya Mtoto wa Mwenzako: Historia Fupi ya Kusomeshana Vijijini



Kamati ya sherehe iliniomba niandike habari za Mfuko wa Karo wa kikundi chetu. Nilipokaa na kalamu niliona siwezi kuanza na sisi, kwa maana jambo hili ni kubwa kuliko sisi na ni la zamani kuliko sisi. Tena kuna sababu nyingine. Katika mkutano mkuu uliopita mwenzetu mmoja alisimama akauliza swali ambalo wengi tulikuwa nalo moyoni: "Serikali si inasomesha watoto bure? Basi kwa nini akiba yetu iendelee kulipia watoto ambao hata si wetu?" Mkutano uligawanyika pande mbili, na Mama Mwenyekiti akaahirisha uamuzi mpaka baada ya sherehe hii. Kwa hivyo nayaandika haya si kwa kupamba kitabu tu. Nataka siku ya kupiga kura tujue tunapigia nini.

Wazee wetu na shule zao

Wakati wa ukoloni shule nyingi za Waafrika zilikuwa mikononi mwa wamishonari. Baada ya ugomvi mkubwa wa mwaka 1929 juu ya tohara ya wasichana, Wakikuyu wengi walitoka katika shule za misheni wakaanza zao wenyewe. Hapo ndipo zilipotokea shule za KISA na Karing'a. Hazikuwa na mfadhili kutoka ng'ambo. Mzazi alitoa mbao, mwingine kuku, mwingine siku zake za kazi.

Shule hizo zilikosa walimu, na ndiyo maana mwaka 1939 kilifunguliwa chuo cha ualimu cha Githunguri, chini ya Peter Mbiyu Koinange aliyekuwa ametoka masomoni Marekani. Pesa za Githunguri zilichangwa na watu wa rika mbalimbali, rika hili likishindana na lile. Na akina mama hawakukaa nyuma: walijichangisha wenyewe ili wasichana wajengewe bweni. Hebu fikirini. Wengi wao hawakujua kusoma hata herufi moja, na wengi hawakuwa na binti katika chuo kile. Lakini walitoa.

Mwaka 1952 Hali ya Hatari ilipotangazwa, serikali ya kikoloni ilifunga chuo na shule hizo, na pale Githunguri ikaweka gereza na mahali pa kunyongea watu. Nyanya zetu waliona jasho lao likigeuzwa hivyo. Hata hivyo hawakuacha kuchanga.

Ndege ya mwaka 1959

Uhuru ulipokaribia ilionekana nchi haina watu wa kutosha waliosoma. Tom Mboya akazunguka Marekani akiwatafutia vijana nafasi katika vyuo. Mwezi wa Septemba mwaka 1959 ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81. Huko Marekani watu mashuhuri kama Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, na Harry Belafonte, mwimbaji, walisaidia kutafuta pesa. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000.

Hayo ndiyo yanayosimuliwa sana. Lakini kijijini kulikuwa na upande mwingine. Nauli ya ndege ikilipwa na wageni, kijana bado alihitaji pesa za mfukoni, nguo na mahitaji mengine. Basi watu walifanya karamu za chai, wakauza ng'ombe na mbuzi, wakamchangia mtoto wa jirani. Msaada wa mbali ulikutana na msaada wa karibu.

Katika waliokwenda mwaka 1960 alikuwamo msichana wa Ihithe, Nyeri, jina lake Wangari. Mwenyewe ameeleza kwamba alianza shule kwa sababu kaka yake Nderitu alimwuliza mama yao swali dogo: kwa nini Wangari haendi shule kama sisi? Mama angeweza kusema ninamhitaji shambani, na ingekuwa kweli. Akasema aende. Mwaka 1971 Wangari Maathai alipata shahada ya udaktari, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Harambee na mabati

Tulipopata uhuru mwaka 1963 nchi nzima ilikuwa na shule za sekondari 151, zenye wanafunzi wapatao 30,000. Mzee Jomo Kenyatta akatoa wito wa Harambee, na wananchi wakaitikia kwa kishindo. Ilipofika miaka ya 1970 shule za sekondari za Harambee zilikuwa zimezidi zile za serikali kwa idadi.

Ndio miaka hiyo ambapo akina mama wa Mkoa wa Kati walianzisha vikundi vya mabati. Kila mmoja alitoa kidogo, na kwa zamu nyumba ya mmoja ikaezekwa mabati badala ya nyasi. Sisi ni wajukuu wa vikundi hivyo. Mzunguko wetu wa kila wiki haukutoka kitabuni wala benki, ulitoka kwao.

Hata hivyo tusijidanganye. Harambee ilijenga kuta kuliko ilivyojenga masomo. Shule nyingi zilikuwa na madarasa mazuri ya mawe, lakini maabara hakuna, vitabu hakuna, na mwalimu mwenyewe hakusomea ualimu. Mzazi wa Harambee mara nyingi alilipa karo kubwa kuliko mzazi wa shule ya serikali, na mtoto wake akapata alama za chini. Tena sehemu zilizokuwa na kahawa na majani chai zilijenga nyingi, na sehemu kavu zikabaki nyuma. Kuchanga ni kuzuri, lakini mwenye nacho huchanga zaidi.

Siku nilizorudishwa nyumbani

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja siasa ya kugawana gharama. Mzazi akabeba vitabu, majengo, chakula na mengine mengi. Mimi nilikuwa kidato cha pili wakati huo. Shule yangu siitaji jina. Kila Jumatatu mwalimu alisoma majina gwaridani, na aliyesomwa alibeba mkoba wake akaenda nyumbani. Nilirudishwa mara nne katika muhula mmoja. Pesa za kahawa zilikuwa zimecheleweshwa, na baba alikuwa ameshauza ndama.

Jioni moja waliingia jikoni kwetu wanawake watano wa kikundi cha mama. Hawakusema mengi. Mmoja alifungua pindo la leso, akahesabu shilingi mezani, wakanywa chai, wakaenda zao. Jumanne asubuhi nilikuwa darasani. Hakuna hata mmoja wa wanawake wale aliyewahi kunikumbusha deni lile. Watatu wameshafariki. Nikisikia mtu akisema "watoto ambao hata si wetu", nakumbuka kwamba na mimi sikuwa wao.

Mama wa Uswidi

Kuna kisa kingine ambacho kilitokea hapa hapa Kenya, na kimeonyeshwa katika filamu ya mwaka 2010 iitwayo A Small Act. Katika miaka ya 1970 mtoto wa kijiji cha Mitahato, Kiambu, alikuwa hodari darasani lakini kwao hakukuwa na karo. Mwalimu mmoja wa watoto wadogo huko Uswidi, Hilde Back, akakubali kumlipia kama dola 15 kila muhula. Kwa wakati ule zilikuwa kama shilingi mia moja. Hakuwa tajiri. Alikuwa Myahudi aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1922, akakimbilia Uswidi akiwa kijana, na wazazi wake wakafia katika kambi za Wanazi.

Mtoto yule, Chris Mburu, alisoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha Harvard, akafanya kazi ya haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Alipofanikiwa hakuishia kushukuru kwa barua. Yeye na wenzake walianzisha mfuko wa kusomesha watoto wa kijijini wasiojiweza, wakauita kwa jina la Hilde Back. Mama yule alitafutwa akapatikana, akaja Kenya, akapokewa kwa ngoma na nyimbo. Kumbe miaka yote hiyo hakujua pesa zake zilikuwa zimezaa nini!

Lakini filamu ile inaonyesha pia uchungu wake. Tunaona watoto wakisubiri matokeo ya KCPE, ule mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Wanaohitaji ni wengi, nafasi ni chache, na alama ndizo zinazoamua. Kamati ya mfuko inakaa mezani ikijua kwamba kila jina inaloacha ni mtoto. Sisi tuliowahi kukaa kwenye meza kama ile tunajua usiku wake haulaliki.

Funzo la Zimbabwe

Mwaka 1991 mwanamke wa Uingereza, Ann Cotton, alifika Mola, kijijini Zimbabwe, kuchunguza kwa nini wasichana hawaendi shule. Alikuwa ameambiwa kwamba ni mila, wazazi hawataki. Akakuta wasichana waliotembea karibu kilomita 100 ili wasome pale kwa sababu karo ilikuwa nafuu, wakijipikia na kulala katika kibanda. Wazazi walitaka. Ila pesa ikitosha mtoto mmoja, alipelekwa mvulana, kwa kuwa ndiye aliyetazamiwa kupata kazi.

Cotton alirudi kwao akauza keki sokoni ili kuchangisha pesa, na mwaka 1993 likaanza shirika la Camfed kwa kuwasomesha wasichana 32. Mwaka 1998 wasichana waliokwisha kusomeshwa waliunda umoja wao, nao wakaanza kusaidia wadogo zao kwa pesa zao wenyewe. Mmoja wa wale wa mwanzo, Angeline Murimirwa, baadaye akawa mkuu wa shirika lote. Aliyekuwa akipokea karo ndiye anayetoa uamuzi leo.

Bure, lakini si bure

Sasa nirudi kwa swali la mwenzetu. Ni kweli, mwaka 2003 serikali iliondoa karo ya msingi. Watoto waliongezeka kutoka kama milioni 5.9 mwaka 2002 hadi kama milioni 7.2. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Mwaka 2008 ikaanza kulipia masomo ya sekondari za kutwa, shilingi 10,265 kwa mwanafunzi, na kutoka 2018 kiwango kikawa 22,244. Hilo ni jambo kubwa na tushukuru.

Lakini nani hapa hajui hesabu ya mwezi wa kwanza? Kuna sare, viatu, chakula cha mchana, na kwa bweni kuna karo yenyewe, godoro, sanduku na nauli. Kwa msichana kuna sodo. Pesa za serikali nazo zikichelewa, shule humgeukia mzazi. Basari zipo, lakini hugawanywa kwa wengi mpaka kila mmoja anapata kipande.

Kosa letu wenyewe

Nitasema jambo ambalo baadhi yetu tungependa lisiandikwe. Msichana wa kwanza tuliyemlipia hakumaliza. Tulilipa karo yake yote, stakabadhi ziko kwa Mweka Hazina mpaka leo, na kidato cha tatu akaacha. Tulilaumu. Tukasema hana shukrani. Ilichukua miezi kabla mmoja wetu kwenda kukaa naye na kumwuliza. Kumbe mama yake alikuwa mgonjwa, na yeye ndiye aliyekuwa akipika, akichota maji na kuosha mgonjwa. Siku za mwezi hakwenda shule kabisa. Taa ya kusomea hakuna. Tulikuwa tumelipia kiti cha darasani, lakini aliyepaswa kukikalia hatukumtembelea.

Tangu hapo tulibadilisha utaratibu. Kila mtoto ana mlezi mmoja katika kikundi, anayekwenda kwao kila muhula na kuzungumza na mwalimu wake. Tunawachukua wachache, lakini tunakwenda nao mpaka mwisho. Waliofuata wote wamemaliza, na wawili kati yao wamo katika orodha ya wanachama wetu, wakiweka akiba kama sisi.

Tamati

Ukiitazama historia hii utaona jambo moja. Msaada uliodumu haukuwa lazima mkubwa. Ulikuwa wa kila muhula, ulimjua mtoto kwa jina, na aliyesaidiwa akasaidia. Ule ulioanguka ulijenga kuta ukasahau mtoto, kama Harambee nyingi, na kama sisi tulivyofanya mara ile ya kwanza.

Mwenzetu aliyeuliza swali alifanya vyema kuuliza, kwa maana akiba ni jasho letu na lazima lihesabiwe. Anayeona mzigo ni mzito aseme ni mzito kiasi gani, tupunguze kiwango, tusifunge mfuko. Mimi kura yangu mnaijua. Ilipigwa zamani, jikoni kwetu, na wanawake watano waliofungua leso.