Kiingereza cha Fedha na Daftari la Kiswahili

Wako wanaodhani kwamba msamiati wa fedha ulitufikia pamoja na Mwingereza, na kwamba kabla yake tulijua kubadilishana mbuzi kwa chumvi tu. Dhana hiyo haina msingi. Mfanyabiashara wa pwani katika karne ya 19 alikuwa na daftari, alipambanua faida na hasara, aliweka rehani, alitoa dhamana, na alipofilisika mji mzima ulipata habari. Maneno hayo asili yake ni Kiarabu. Kwa wafanyabiashara wa Bara Hindi tulipata hundi, pesa, laki na bima, pamoja na bepari, ambaye zamani alikuwa mfanyabiashara tu kabla hajatwishwa lawama zote za siasa. Basi Kiingereza kilipoingia kilikuta daftari lililokwisha kuandikwa.

Hata Mjerumani alituachia lake. Tangu mwaka 1904 rupia ya koloni lake iligawanywa katika heller 100, na leo mtu anayelalamika kwamba hana hela hutaja sarafu hiyo bila kujua. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza iliundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, mwaka 1919, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 shilingi ikashika nafasi ya rupia.

Maneno ya Kiingereza yalikuja kwa njia mbili, na tofauti yake ni kubwa. Yale ya kutamkwa, kama benki, cheki, risiti, bili na bajeti, yalipita sokoni na dukani, yakavaa sauti zetu na kuwa raia. Yale ya karatasi, kama “security”, “interest”, “mortgage” na “liability”, yalibaki ofisini mikononi mwa karani. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ambao waliunda chama chao mwaka 1925, walikuwa wakiuza zao ambalo bei yake ilitegemea masoko ya ng'ambo. Kupima gunia hakukuwatosha wakulima wa namna hiyo. Ilibidi pia wajue nini kimekatwa katika malipo yao na kwa sababu gani, na majibu yalikuwa katika hesabu zilizoandikwa kwa lugha ya wengine. Aliyejua kuzisoma hesabu hizo alikuwa na nguvu juu ya asiyejua.

Hapa ndipo penye hatari, nayo haijakwisha. Mwanafunzi hufundishwa shuleni kwamba “security” ni usalama, na “interest” ni hamu au mvuto. Akifika benki, “security” ni nyumba au shamba lake mwenyewe litakalouzwa asipolipa, na “interest” ni riba. Katika utumishi wangu nimewaona watu wazima, tena waliosoma, wakitia sahihi karatasi ya mkopo huku wakiamini kwamba neno hilo la kwanza ni ahadi ya kulindwa. Wengine, kwa kuwa riba imeharamishwa katika Uislamu na inachukiza masikioni, hupenda kuiita faida. Sikubaliani nao. Ni faida kwa mkopeshaji. Kwa mkopaji ni gharama, na lugha haina haki ya kumfichia.

Mwaka 1967 mambo yalibadilika. Januari Serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake. Februari, baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Lakini Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichoanza mwaka 1965, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kilichoanzishwa mwaka 1972, vilifundisha kwa Kiingereza. Karani akawa na ndimi mbili: moja ya dirishani kwa mteja, nyingine ya vitabuni.

Sisemi Kiingereza hicho kiachwe. Biashara ya nje inakitaka, na mwenye kukikimbia atadhulumiwa. Lakini kinafundishwa vibaya, kwa orodha za kukariri, kana kwamba hatuna letu la kukishikia. Yatazame maneno yenyewe. “Capital” ya Kiingereza imetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kichwa. Rasilimali yetu ni Kiarabu, kichwa cha mali. “Balance” ni mizani ya sahani mbili. Mizania yetu ni mizani hiyohiyo. “Dividend” ni kitu cha kugawanywa, nasi tuna gawio. “Tariff” na taarifa ni ndugu wa shina moja la Kiarabu. Moja lilipitia Italia, jingine likatua pwani yetu. “Bankrupt” ni benchi la mvunja fedha lililovunjika, na muflisi wetu ni mtu aliyeishiwa hata na sarafu za shaba. Mwanafunzi akielezwa hivyo mara moja, neno halimtoki tena, na zaidi ya hapo anajua anachokitia sahihi.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama Tanzania. Kazi ya kutafsiri ni kubwa, na wafasiri watakutana na “mortgage” katika kurasa nyingi. Hawahitaji kubuni kitu. Rehani ipo.